Ramani Aliyochorewa Nabongo

Nilipokuwa kidato cha pili huko Kitale, mwalimu wetu wa historia alitugawia karatasi zenye ramani tupu, akatuambia tupake rangi kila nchi aliyoiteka Alexander wa Makedonia. Nilianzia Ugiriki, nikavuka bahari hadi Uturuki ya leo, nikateremka Shamu, nikaizunguka Misri, nikarudi kwa njia ya Iraki na Uajemi, nikapanda milima ya Afghanistan, nikaishia kwenye mito ya India. Penseli yangu nyekundu ilikwisha nikiwa Uajemi, nikaazima ya jirani yangu wa dawati. Mwalimu aliitazama kazi yangu kwa muda, kisha akaniuliza swali moja tu: "Hapa katikati, ulipopaka wekundu mwingi, walikaa akina nani?" Sikujua. Akanirudishia karatasi yangu bila alama yoyote.

Wiki hiyo tulifunga kwa likizo fupi. Nikapanda matatu ya kurudi nyumbani, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, hadi upande wetu wa Webuye ambako kilima cha Chetambe kinakuangalia popote unapokwenda. Nilimkuta kuka, babu yangu, ameketi kivulini na mrija wake wa busaa. Alikuwa wa rika la Bakananachi, na kwa umri huo alikuwa amewazika machifu wengi kuliko mimi niliowahi kuwaona. Nikamwonyesha ramani kwa fahari.

"Kuka, huyu mtu aliitwaa dunia yote hii kabla hajafika miaka 33."

Aliishika karatasi mbali na macho, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Na hawa uliowapaka, walijua kwamba wamepakwa?"

"Walipigwa vita, kuka. Walishindwa."

"Kushindwa ni kitu kimoja," akasema. "Sisi hapa tulishindwa, halafu tukapakwa rangi. Tukaambiwa ni watu wa Mumia. Mimi nilizaliwa nikiambiwa hivyo, na sikumwona Mumia hata siku moja."

Nilidhani anatania. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa amenijibia swali la mwalimu.

Tuanze na huyo Mmakedonia, kwa sababu hadithi yake ni fupi kuliko sifa zake. Alirithi kiti mwaka 336 KK, baba yake Filipo alipouawa, naye akiwa na miaka 20. Mwaka 334 alivuka kuingia Asia. Mwaka 333 alimtimua Darius wa Tatu, mfalme wa Uajemi, kwenye vita vya Issus. Mwaka 332 aliuzingira mji wa Tiro kwa miezi 7 hadi ukaanguka. Akaenda Misri, akaanzisha Iskanderia, mji ule ambao msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaukuta ndani ya Matendo ya Mitume. Mwaka 331 akamshinda Darius mara ya mwisho kule Gaugamela, na tangu hapo hapakuwa na jeshi kubwa la kumzuia hadi India.

Kilichomzuia ni watu wake mwenyewe. Mwaka 326 KK, kwenye ukingo wa mto Hyphasis katika Punjab, askari waliotembea naye miaka 8 walikataa kuvuka. Mvua ilikuwa imewanyea wiki nyingi, nguo walizotoka nazo kwao zilikuwa zimekwisha, na mbele waliambiwa kuna wafalme wenye tembo wengi zaidi. Alexander alijifungia hemani siku 3 akingoja waone aibu. Hawakuona. Akageuza njia, akawapitisha wengi wao jangwa la Gedrosia ambako walikufa wengi kwa kiu na njaa kuliko walivyowahi kufa vitani. Mwezi wa Juni mwaka 323 alifariki Babeli, ana miaka 32.

Aliacha ndugu asiyeweza kutawala na mtoto ambaye alikuwa bado tumboni. Wote wawili waliuawa. Mama yake aliuawa. Mkewe Roxana aliuawa. Majemadari wakaigawana nchi: Ptolemy akashika Misri, Seleucus Babeli, Antigonus akataka yote, na mwaka 301 KK akauawa vitani huko Ipsus akiwa mzee wa miaka 81, bado anaitaka yote. Ule wekundu wangu uliomaliza penseli mbili haukudumu muda mrefu baada ya Alexander kufa.

Hata hivyo nampa haki yake: nchi ile aliitembea kwa miguu yake na akachomwa mishale mwilini mwake. Nabongo, yaani mfalme, Mumia wa Wanga hakufanya hivyo, na ndiyo maana kisa chake kinatufaa zaidi sisi wa huku.

Makao ya Mumia yalikuwa Elureko, mji ambao leo unaitwa kwa jina lake, Mumias. Alirithi kiti cha baba yake Shiundu mnamo mwaka 1882. Mwaka uliofuata msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipita hapo, na mwaka 1885 akapita Askofu James Hannington akielekea Busoga alikouawa. Usidhani palikuwa na dola. Palikuwa na ufalme mdogo wa watu wanaojua kulima na kukaribisha wageni, na hilo la kukaribisha ndilo lililomfanya Mumia awe mtu mkubwa. Msafara ukitoka Bonde la Ufa kwenda Buganda, kwa Mumia ndiko ulikopata chakula cha kutosha. Waswahili na Waarabu wa pwani walitua hapo wakitafuta pembe za ndovu, wakaacha bunduki chache na Uislamu uliopo Mumias hadi leo.

Lakini alikuwa amebanwa. Kusini kulikuwa na Wajaluo wa Ugenya. Kaskazini tulikuwa sisi Wabukusu, na hatukuwa majirani wapole. Baba yake alikuwa tayari amewaajiri Wamaasai wa Uasin Gishu kumpigania. Kwa hiyo Waingereza walipofika, Mumia aliwaona kama alivyowaona Wamaasai na Waswahili kabla yao: watu wenye silaha, wanaoweza kulishwa na kutumwa. Simlaumu kwa hilo. Mtu aliyezungukwa na maadui wawili hamkatai wa tatu anayekuja na bunduki na tabasamu. Kosa lake lilikuwa dogo na la kawaida sana. Hakuhesabu kwamba mgeni huyu naye alikuwa na ramani yake.

Chetambe ndipo mahali pa kuanzia. Bunduki za serikali zilikuwa zimetoroshwa na kuuzwa kwa Wabukusu. Kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzidai kiliuawa karibu chote. Mwanzoni mwa 1895 akafika C. W. Hobley kukaa kwa Mumia kama mwakilishi wa serikali, na mwezi wa Agosti mwaka huo likaja jeshi la kulipiza kisasi: Wazungu wachache, Wasudani, Waganda, Wamaasai, na Wawanga wa Mumia. Wabukusu walikuwa na ngome zao, kuta za udongo na handaki pande zote, ngome zilizokuwa zimewakinga na Wamaasai na Wateso kwa miaka mingi. Lumboka ikaanguka. Waliookoka wakakimbilia Chetambe, ngome iliyoitwa kwa jina la mzee Chetambe wa Ifile, Watachoni na Wabukusu wakajifungia humo pamoja. Nayo ikaanguka. Ng'ombe wakaswagwa kwenda Elureko. Wanawake na watoto walichukuliwa mateka.

Kuka alikuwa akilisimulia hili kama aliyekuwepo, ingawa lilitokea kabla hajazaliwa. Alikuwa akisema kwamba handaki lilimkinga mtu na mkuki, kwa kuwa mkuki unarushwa na mtu unayemwona. Halafu alikuwa akinyamaza na kuvuta busaa, na sisi watoto tulijua tusiulize zaidi.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapa ndipo rangi inapoingia. Mwingereza alikuwa ameshinda nchi asiyoijua, hana watu wa kuitawala, na hazina ya kuwalipa haina kitu. Alichokuwa nacho ni Nabongo mmoja anayemwelewa. Basi akafikiri kwa namna ya mtu mwenye haraka: huyu ni mfalme, wafalme wana milki, kwa hiyo hawa wote ni milki yake. Tarehe 1 Aprili 1902 nchi yote ya huku ilihamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Mumia alilala Uganda, akaamka kwingine, bila kusogeza hata kigoda chake. Mwaka 1909 alitangazwa Chifu Mkuu wa Kavirondo Kaskazini. Ndugu zake na watu wake wakapelekwa kuwa machifu katika nchi ambazo mababu zao hawakuwahi kuzitawala. Mulama akapewa Marama. Murunga, ndugu yake wa baba mmoja, akapelekwa Kimilili kuwatawala Wabukusu wa kaskazini.

Hesabu mwenyewe. Katika miaka isiyozidi 15, ufalme ambao mtu angeuvuka kwa miguu kwa siku chache ukawa umepanuka hadi chini ya Mlima Elgon. Hata Filipo, baba wa Alexander, hakupanuka kwa wepesi huo. Na gharama yake kwa Mumia? Karibu bure. Hapo ndipo mwenye akili angeanza kuogopa.

Kwa maana kila alichotumwa Murunga kukifanya kilikuwa kichungu. Kodi ya nyumba. Vijana wa kuchimba barabara. Wapagazi wa vita vya 1914. Mwingereza alikuwa Mumias, baadaye Kakamega. Mtu wa Kimilili alimwona mara chache. Aliyemwona kila siku ni askari wa chifu Mwanga akichungulia zizi lake. Kwa hiyo Wabukusu hawakumchukia Mwingereza kwanza. Walimchukia Mwanga. Mwingereza alipata kodi, na juu yake akapata mtu mwingine wa kubeba chuki badala yake. Ndiyo maana nguo ya kuazima haisitiri matako: mwenye nayo anajua imeishia wapi, wewe ndiye unayeinama mbele za watu.

Ng'ambo ya Mlima Elgon kulikuwa na mwingine wa namna hii, na kisa chake kinachekesha mpaka kinahuzunisha. Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda, shujaa kwelikweli. Kuanzia 1899 alikwenda mashariki na watu wake wenye bunduki, akajenga ngome, akapanda migomba na miti kandokando ya barabara, akaitwaa nchi hadi Mbale, na akili yake ikamwambia kwamba Waingereza watamfanya Kabaka wa Bukedi. Walimwacha afanye kazi yote. Ilipokwisha, wakamnyang'anya ngome ya Budaka, wakampa ardhi kidogo huko Mbale, kisha mwaka 1906 wakamhamishia Busoga awe mkuu wa baraza la watu wasiokuwa wake. Aliporudi Mbale alikuwa amekwisha kuwachoka. Akajiunga na dhehebu lililokataa dawa za hospitali, kisha mwaka 1919 akaiacha njia hiyo pia, akafuata dini ya Kiyahudi yeye na watu wake. Alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake, Abayudaya, wako Mbale hadi leo, na kwa maoni yangu hao ndio milki pekee aliyoipata ambayo hakuna aliyeweza kumpokonya, kwani waliingia kwa hiari yao.

Nirudi kwa Mumia. Mwaka 1920 ofisi ya wilaya iliondolewa Mumias ikapelekwa Kakamega. Si kwa sababu Mumia alikosea. Ni kwa sababu Mwingereza sasa alikuwa na barabara zake na makarani wake. Reli ya kwenda Uganda ilipopita Eldoret na kuelekea Tororo, ilipita Bungoma, haikupita Mumias, na mji uliokuwa ukilisha misafara yote ukabaki pembeni ukitazama moshi kwa mbali.

Upande wa pili wa mto Kamukuywa mambo yalikuwa yanakwenda kasi zaidi. Trans Nzoia ilikuwa imetengwa kwa walowezi, na baada ya Vita vya Kwanza askari wastaafu wa Kizungu walipewa mashamba huko. Wabukusu waliokuwa wakichunga upande huo walirudi kama maskwota, vibarua wanaokaa shambani mwa mtu kwa ruhusa yake. Mwaka 1926 garimoshi liliingia Kitale kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo mlowezi mmoja, Stoneham, alianzisha jumba lake la vipepeo na vitabu ambalo baadaye lilikuja kuwa Makumbusho ya Kitale.

Na mwaka huohuo wa 1926 Nabongo Mumia alistaafishwa. Hapakuwa na vita. Hakuna askari wake aliyegoma ukingoni mwa mto, maana askari hawakuwa wake. Aliandikiwa tu kwamba kazi imekwisha. Aliishi miaka 23 zaidi, mzee anayetembelewa na wageni wanaotaka kumpiga picha, huku waliokuwa chini yake kwenye karatasi wakidai machifu wa damu yao, mmoja baada ya mwingine. Murunga naye aliondoka Kimilili katika miaka ya 1930.

Uchungu aliouacha haukuondoka naye. Kimilili ndiko alikotoka Elijah Masinde, mchezaji mpira aliyewahi kuichezea Kenya, aliyewahi pia kuwa mpeleka hati wa baraza, hivyo alijua vizuri jinsi amri inavyofika mlangoni mwa mtu maskini. Dini ya Msambwa aliyoiongoza iliwataka Wazungu waondoke na iliwachukia machifu kama ilivyowachukia Wazungu. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, wakafa watu 11. Masinde alikamatwa akapelekwa Lamu. Mumia alifariki mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 1949.

Nimekisimulia kisa hiki mara kadhaa kwenye mikutano ya wazee na vijana, Kitale na Bungoma, na nimeona kinawafurahisha sana Wabukusu wenzangu. Wanacheka Murunga anapotajwa. Wanapiga makofi Masinde anapotajwa. Kwa hiyo nimejifunza kutoishia hapo.

Kwanza kuna mambo ya nyumbani. Kila mwezi husikii kesi ya mtu aliyesogeza mpaka wa shamba? Ana ekari zake 3, ndugu yake ana 3. Anafahamiana na mtu ofisini, au chifu ni shemeji yake, au kijana wake ni askari. Asubuhi moja mpimaji anakuja, mkonge wa mpakani unang'olewa, na ekari 3 zinakuwa 4. Hati inatoka. Kwenye karatasi kila kitu ni safi. Kisha yule wa ofisini anahamishwa, chifu anastaafu, au mjomba anafariki na wote wanakutana matangani, na msemaji wa kumuse anaposimama kuwafariji wafiwa, kila mtu pale anajua anamwangalia nani. Niwaulize wanaofanya hivi: mnadhani ekari hiyo ni yenu, au mmepakiwa rangi tu na mtu ambaye kesho hatakuwepo?

Pili, na hili ndilo lisilopigiwa makofi. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni iliitenga wilaya mpya ya Elgon Nyanza kutoka Nyanza Kaskazini, ile Kavirondo Kaskazini ya zamani, na makao yake yakawekwa Bungoma. Hatimaye tulitoka kwenye ramani ya Elureko. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini ndani ya mpaka huo mpya, juu mlimani, walikuwemo Wasabaot, na wao hawakuwa wameulizwa. Wao nao walikuwa na madai yao juu ya mashamba yaleyale ya Trans Nzoia ambayo sisi, baada ya uhuru, tulianza kuyanunua kwa vyama na kwa makampuni. Sisi tuliona tunarudi kwetu. Wao waliona wekundu ukisogea. Katika ghasia za miaka ya 1991 na 1992 nyumba zilichomwa Bungoma na Trans Nzoia, na familia zikalala makanisani na kwenye uwanja wa masoko. Mwaka 1993 ikakatwa wilaya ya Mlima Elgon kutoka Bungoma, kama Bungoma ilivyokatwa zamani. Kuanzia 2006 hadi 2008 mlimani kulikuwa na damu tena, safari hii hata baina ya wenyeji wenyewe kwa wenyewe, na jeshi likaingia. Mwaka 2013, kaunti zilipoanza kazi, Mlima Elgon ulirudishwa ndani ya Bungoma.

Nilipomweleza kuka kuhusu wilaya ile ya 1993, alikuwa hawezi tena kutembea, lakini akili yake ilikuwa timamu. Aliniuliza kama bado ninayo ile ramani ya shuleni. Nikamwambia ilipotea zamani.

"Ungeitunza," akasema, "ungewapelekea wale wanaochora hizi za sasa."

Basi wewe Mbukusu mwenzangu unayesoma haya, iwe uko Kiminini, Kapsokwony, Chwele au mjini Bungoma: kabla hujakaa tena kwenye kikao cha kugawa wadi, basari au mashamba, mwulize jirani yako Msabaot swali ambalo mwalimu wangu aliniuliza, kisha mwache amalize kujibu.